Kutunza Mazda MX-5 ya Kwanza kwa Mikono Yako: Anza na Maji, Injini Itasubiri

Anayenunua gari dogo la spoti lililokwisha kula miaka mingi barabarani kwa kawaida hufungua boneti kwanza, akasikiliza injini, akachomoa kijiti cha oili, kisha akaanza kuagiza spea. Kwa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za mbele zinazoibuka na kujificha, huko ni kuanzia mwisho. Gari hili lilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mnamo Februari 1989, na kizazi hicho kiliendelea kuundwa hadi mwaka 1997. Injini yake ya silinda nne, iwe ile ya sentimita za ujazo 1,598 au ile ya 1,839 iliyokuja baadaye, huvumilia mengi, lakini bati la bodi yake halivumilii maji yaliyotuama. Magari ya aina hii niliyoyaona yakikatwakatwa kuwa chuma chakavu karibu yote yalikuwa na injini inayowaka.

Gari zima, katika umbo lake la awali, halifiki tani moja, na wepesi huo una gharama yake. Hakuna chasisi ya pekee chini ya bodi, na kwa kuwa hakuna paa la chuma la kushikanisha mbele na nyuma, sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia gari lisijikunje hufanywa na mihimili miwili ya bati iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ikiliwa na kutu, milango huanza kugoma kufungika sawasawa, stendi ya jeki huzama mahali palipopaswa kuwa pagumu, na hapo injini nzuri haisaidii kitu. Ndiyo maana kazi ya kwanza iko nyuma ya viti.

Njia za maji

Maji yanayotiririka kwenye paa la turubai hayaachwi yaende yatakako. Hupokelewa na mfereji wa plastiki uliolala nyuma ya viti, hupelekwa kwenye matundu mawili, moja kila upande karibu na nguzo ya mkanda wa usalama, kisha hushuka kwa bomba na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Majani, vumbi na nyuzi za turubai linalochakaa huziba bomba hilo kwenye shingo yake nyembamba. Likiziba, maji hufurika, huingia ndani ya muhimili, na kutu huanza kazi kutoka ndani kuja nje, hivyo kwamba siku unapoona rangi imefura mbele ya gurudumu la nyuma, bati lililo nyuma ya rangi hiyo limekwisha kuoza.

Kipimo chake ni rahisi. Kunja paa, inua zulia lililo pembeni hadi uone tundu, kisha mimina nusu lita ya maji polepole huku mwenzako akichungulia chini ya gari. Maji yanapaswa kutoka mara moja na kwa kasi ileile unayomimina. Yakichelewa, au yakirudi juu, chukua waya wa plastiki usio mgumu, kama ule uzi mnene wa mashine ya kukatia nyasi, uzungushe ncha yake iwe butu, uusukume kwa kuuviringisha taratibu hadi utokee chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, uzi uligoma katikati kwa muda, halafu tundu likatoa mlio kama wa koo linalomeza, na chini ya gari likaanguka donge la tope jeusi lenye nyuzi, likifuatwa na maji ya kutu yaliyoendelea kutoka kwa dakika nzima. Maji hayo sikuyamimina mimi. Yalikuwa yamekaa humo kwa muda nisioujua.

Usitumie upepo wa kompresa kwa kazi hii, kwa kuwa unaweza kulichomoa bomba kwenye kiungo chake mahali usipoweza kufika, na usitumie waya wa chuma wenye ncha kali, kwani utalitoboa bomba na kuyapeleka maji palepale ulipotaka yasifike. Baada ya kuzibua, kagua vitundu vidogo vilivyo kwenye ukingo wa chini wa muhimili, uvifungue kama vimezibwa na rangi au lami, uache sehemu ya ndani ikauke kwa siku kadhaa, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu hadi uione ikidondoka kwenye vitundu hivyo. Rudia kipimo cha maji kila unapobadilisha oili ya injini, ili kazi moja ikukumbushe nyingine.

Kuinua gari

Gari hili liko chini kiasi kwamba jeki nyingi za magurudumu hazipiti chini yake, kwa hiyo chagua jeki fupi, au pandisha magurudumu kwanza juu ya vipande vya mbao pana. Mbele, jeki hukaa katikati ya fremu ndogo inayobeba injini. Nyuma, hukaa chini ya difu, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Stendi huwekwa kwenye kingo zilizoimarishwa za mihimili, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya gurudumu la nyuma, zikiwa na kipande cha mpira au mbao chenye mfuo ili ukingo usipondeke. Usiinue gari kamwe kwa ule muhimili mrefu wa aluminiamu unaounganisha giaboksi na difu. Ukiwa umelala chini unaonekana kama umewekwa pale kwa ajili ya jeki, lakini haukutengenezwa kubeba uzito huo na utapinda.

Hakuna kazi, hata ya nusu dakika, inayofanywa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litaanguka, ni afadhali lianguke wewe ukiwa umesimama.

Oili tatu na nati moja

Oili ya injini haihitaji maelezo mengi. Injini ya lita 1.6 (ile ya sentimita za ujazo 1,598) huchukua lita tatu na nusu hivi pamoja na filta, na ile ya 1.8 hukaribia lita nne. Mimina kidogo chini ya kiwango, washa, zima, subiri, kisha ongeza hadi kijiti cha kupimia kiridhike. Kinachosumbua ni filta yenyewe, ambayo kwenye injini ya 1.6 imejificha upande wa kulia chini ya mabomba ya kuingizia hewa, mahali ambapo mkono hufika lakini jicho halifiki. Watu hufika kwayo kutoka chini, au hutoa gurudumu la mbele la kulia na kupitisha mkono humo. Hakikisha kwamba mpira wa filta ya zamani umetoka pamoja na filta yake, kwa sababu mipira miwili ikibaki imepandana, injini itaitema oili yote.

Kwenye giaboksi na difu kuna kanuni ambayo haina msamaha: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Anayemwaga kwanza, kisha akakuta nati ya kujazia imeshikana, anabaki na gari lisiloweza kwenda popote. Giaboksi ya gia tano huchukua lita mbili za oili ya 75W-90, na inayofaa ni ya daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya viungo vya kemikali vilivyomo katika oili za GL-5 havipatani na pete za shaba zinazolainisha ubadilishaji wa gia. Difu, kinyume chake, huhitaji hiyohiyo GL-5. Andika jina la kila oili kwenye chupa kwa wino mkubwa kabla hujalala chini, maana mikono ikishachafuka chupa zote hufanana.

Kuna hifadhi nyingine ndogo ambayo wengi hawaijui. Mkono wa gia umekaa ndani ya kikombe chenye oili yake, kilichotengwa na oili ya giaboksi, na juu yake kuna mipira miwili ya kuzuia joto na uchafu. Mpira wa ndani ukichanika, oili hukauka, gia huanza kuwa na mkwaruzo, na joto la giaboksi hupanda hadi kwenye goti la dereva. Kubadilisha mipira hiyo na kuongeza oili ni kazi ya saa moja ukiwa umekaa kwenye kiti, na sijui kazi nyingine kwenye gari hili inayolipa kwa upesi namna hiyo.

Kuhusu kukaza: nunua spana yenye kipimo cha nguvu kabla ya kununua kifaa kingine chochote cha anasa. Sehemu nyingi za gari hili ni za aluminiamu, na meno ya aluminiamu hayasamehe mkono wenye hasira. Nati ya kumwagia oili ya injini hukazwa kwa Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 hadi 41 tu, plagi kwa Nm 15 hadi 23, na nati za magurudumu kwa Nm 90 hadi 118.

Uvujaji unaodanganya

Siku moja utaona tone la oili mahali injini inapoungana na giaboksi, na mtu mwenye uzoefu atakwambia kwamba oili sili (pete ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekufa na giaboksi lazima ishuke. Kabla ya kukubali, panda juu. Nyuma ya kichwa cha injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva, kuna kitambuzi cha mzunguko wa kamshafti (mhimili unaofungua vali) kilichozibwa na oringi moja, yaani pete ya mpira. Oringi hiyo hukauka na kuwa ngumu kama plastiki, oili hupenya, hutambaa nyuma ya injini na kudondokea palepale ambapo oili sili iliyokufa ingedondoshea. Safisha eneo lote, endesha kwa siku mbili, kisha pitisha kidole chini ya kitambuzi. Kikirudi na oili, umeepuka kazi ya siku nzima.

Kabla ya kukitoa kitambuzi, chora mstari mmoja kwa kitu chenye ncha ukivuka kitambuzi na kichwa cha injini, kwa kuwa mkao wake ndio unaoamua wakati wa cheche. Badilisha oringi, kirudishe mstari ukutane na mstari, kisha hakikisha kwa taa ya taiming, inayomulika alama ya puli ya mbele ya injini: unganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, injini ikiwa na joto na ikizunguka taratibu, na alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukiwa hapohapo, kagua pia gasketi ya vali kava, ambayo nayo hushiriki uchafuzi huo.

Breki na klachi

Breki za mbele ni za kawaida: fungua kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), rudisha pistoni ndani kwa kuibana taratibu, weka pedi mpya, paka grisi ya breki kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Usiiache kalipa ikining'inia kwenye hozi yake. Ifunge kwa waya kwenye springi.

Za nyuma zimewatoa watu jasho, na mimi nikiwemo. Hendibreki hufanya kazi ndani ya kalipa hiyohiyo, kwa hiyo pistoni haibanwi ikarudi. Nilitumia nusu ya mchana nikiikandamiza kwa kibanio cha seremala, kisha nikijaribu kuizungusha kwa koleo kama inavyofanywa kwenye magari mengine, nisipate kitu zaidi ya alama za meno ya koleo kwenye uso wa pistoni. Dawa yake iko upande wa pili. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya milimita 14 inayoonekana ya kawaida kabisa. Ukiitoa, ndani yake utaona skrubu inayoingia spana ya L yenye pembe sita ya milimita 4. Izungushe kinyume na saa, na pistoni itajirudia ndani yenyewe kwa utulivu unaokaribia kuudhi. Ukishaweka pedi mpya, izungushe kufuata saa hadi diski ishikike, kisha irudishe theluthi moja ya mzunguko, urudishe bolti, na ukanyage pedali mara kadhaa kabla ya kuligusa gari lenyewe.

Kwa kuwa gari ni jepesi, breki hizi za nyuma hufanya kazi ndogo, na pini zake hukwama kwa kukosa kazi. Pedi moja iliyoisha huku mwenzake bado nene ndiyo dalili. Chomoa pini, zisugue, zipake grisi.

Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka na kulisha kutu ndani ya silinda. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Anza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), malizia kwenye lililo karibu, na usiache chupa ya juu ikauke hata mara moja. Mafuta haya hula rangi ya gari, hivyo weka ndoo ya maji karibu.

Klachi ina chupa yake na udhaifu wake unaojulikana. Silinda ndogo iliyo upande wa kulia wa giaboksi huvuja baada ya miaka, na dalili ni gia kugoma kuingia asubuhi, pedali kushuka sakafuni, na kiwango cha mafuta kupungua bila tone kuonekana chini. Funua kifuniko cha mpira kwenye silinda hiyo. Ukikuta majimaji ndani, umepata jibu. Inashikwa na bolti mbili na bomba moja. Fungua bomba kwanza, angalau nusu mzunguko, wakati silinda bado imeshikwa na bolti zake, la sivyo utahangaika kuishika kwa mkono huku ukilegeza nati iliyokaza. Ni busara kubadilisha masta silinda ya klachi wakati huohuo, kwa sababu silinda mpya chini huonesha haraka uchovu wa ile kongwe iliyo juu.

Joto, mkanda na betri

Rejeta ya asili ina tangi la juu la plastiki nyeusi. Plastiki hiyo ikizeeka hugeuka kahawia yenye ukijani, na rangi hiyo ni onyo la kweli: inakaribia kupasuka, na itapasuka ukiwa mwendoni. Ibadilishe pamoja na hozi, thamostati na mfuniko wake. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Jaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini, mbele ya gari ikiwa imeinuliwa na kipasha joto cha ndani kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na uache injini izunguke bila mfuniko hadi mapovu yaishe.

Mkanda wa taiming, unaolinganisha mzunguko wa krenki na kamshafti, hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Injini ya 1.6 ina fadhila moja: mkanda ukikatika, pistoni na vali hazigongani. Fadhila hiyo isiwe sababu ya kuchelewa, lakini humfanya mwanafunzi wa kazi hii apumue. Pampu ya maji iko nyuma ya mkanda, kwa hiyo ibadilishe wakati huohuo, pamoja na oili sili za mbele. Kwenye injini za 1.6 za miaka ya mwanzo, angalia puli ya krenki: yenye mifuo minne kuzunguka bolti yake ni ya krenki yenye ncha fupi, ambayo kabari yake huweza kulegea na kula chuma cha krenki. Hiyo hukazwa kwa kipimo sahihi na kwa bolti mpya, na puli ikionekana kuyumba injini ikizunguka, zima na usiendeshe.

Betri iko kwenye buti, upande wa kulia, na si ya kawaida. Ni ya aina iliyozibwa, yenye mirija inayopeleka gesi nje ya gari. Anayeibadilisha kwa betri ya maji ya kawaida bila mirija huufungia mvuke wa asidi ndani ya buti, na baada ya misimu michache trei ya bati chini yake huanza kumomonyoka.

Magurudumu, na safari ya kwanza

Tairi za asili ni 185/60 R14, na upepo wake ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 26. Namba hiyo huwashangaza waliozoea magari mazito, nao hujaza hadi 32 au zaidi, kisha hulalamika kwamba gari linarukaruka kwenye kona. Saspensheni ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu, na bolti za kurekebishia mkao wa tairi huganda ndani ya bushi zake. Zipulizie mafuta ya kupenya kwa siku tatu mfululizo kabla ya kuzigusa, na bolti ikigoma bado, usiilazimishe kwa bomba refu. Bolti iliyokatika humo huondolewa kwa kukata.

Baada ya kazi yoyote, jaribu breki mara tatu kabla ya kutoka mahali ulipoegesha, zunguka kwa mwendo mdogo ukiwa umezima redio, kisha rudi na ulale tena chini na tochi. Futa kila kiungo ulichokifungua kwa karatasi nyeupe, na utazame karatasi hiyo kwenye mwanga. Baada ya kilomita 100, pima tena ukazaji wa nati za magurudumu, na oili chafu uliyoimwaga ipeleke kwenye kituo kinachoipokea, ikiwa kwenye chombo chenye mfuniko.